Yakobo si tapeli

Mpwa wangu anaitwa Yakobo. Juzi jioni alinikuta kibarazani namenya machungwa, akanionyesha karatasi aliyoiandika kwa mkono: anataka kwenda kwa wakili abadili jina.

"Mjomba, Yakobo maana yake tapeli. Mhubiri kasema ndiyo sababu biashara yangu haiendi."

Biashara yenyewe ni kibanda cha vifaa vya simu, kimebanana na vibanda vingine vitano vya vifaa vya simu. Sikumwambia hilo. Nilimwambia alete Biblia.

Mwanzo 25: Rebeka anajifungua mapacha, na wa pili anatoka kashika kisigino cha Esau. Kisigino kwa Kiebrania ni akev, na hapo ndipo masimulizi yanapolifunga jina Ya'akov. Ni jina la tukio, kama kwetu mtoto wa majira ya mvua anavyoitwa Masika. Utapeli unaingia sura mbili mbele, na anayeuingiza ni Esau. Kapokonywa baraka, analia, anacheza na neno, kwa kuwa mzizi ule ule unaweza pia kubeba maana ya kumzunguka mtu. Sasa jamani, tangu lini maana ya jina lako ukaulize kwa ndugu mliyegombea urithi?

Wataalamu wa lugha wanarudi nyuma zaidi. Miongoni mwa Waamori wa Mesopotamia, mwanzoni mwa milenia ya pili kabla ya Kristo, yalikuwepo majina ya aina ya Yaqub-El, na wengi huyasoma "Mungu alinde". Katika Kigeez, lugha ya ibada ya kanisa la Ethiopia, mzizi huo ni wa kulinda na kutunza. Huenda basi hata kisigino ni mchezo wa maneno uliokuja baadaye. Mimi naipenda maana hii ya ulinzi, sifichi.

"Lakini Mungu mwenyewe alimpa jina jipya, Israeli."

Kweli, Mwanzo 32, pale mto Yaboki. Ila angalia: Abramu akishakuwa Ibrahimu, kitabu cha Mwanzo hakimwiti tena Abramu. Huyu wetu anaendelea kuitwa Yakobo, na sura ya 46, mzee yuko njiani kwenda Misri, Mungu anamwita usiku, "Yakobo, Yakobo". Kama jina lingekuwa na laana, lingetajwa mara mbili mfululizo na aliyelibadili?

Nikamuuliza kuhusu James wa kibanda cha pili, yule anayeuza kuliko wote. Kigiriki walisema Iakobos, Kilatini Jacobus, matamshi yakalegea yakawa Jacomus, Waingereza wakaishia na James. Ndiyo maana Waraka wa Yakobo kwa Kiingereza ni wa James. Jina ni hilo hilo.

Mpwa wangu alicheka, akachukua chungwa. Karatasi aliikunja akairudisha mfukoni, hakuichana.