Mtu Mrefu Ndani ya Hema la Piramidi

Mnunuzi mwenye kimo cha sentimita 195 anasoma kwamba hema fulani jepesi la piramidi, linalosimamishwa kwa fimbo ya kutembelea katikati, lina urefu wa sentimita 275 chini. Anatoa kimo chake, anaona zimebaki 80, anaridhika. Hesabu hiyo ni pungufu, na watu warefu wanaoitegemea hujikuta asubuhi mfuko wa kulalia umelowa upande wa miguu.

Ukilala chali, vidole vya miguu hunyooka, na mfuko wenyewe una unene wake. Mtu wa 195 hujaza karibu 210. Kila upande zinabaki kama 32. Ukuta wa hema lenye kilele cha sentimita 145 hupanda kutoka ukingoni kwa takriban sentimita moja kwa kila sentimita unayosogea ndani, kwa hiyo juu ya vidole uko kama 34 kutoka ardhini. Weka godoro la hewa la sentimita 8, kisha miguu iliyo ndani ya mfuko, na umefika 35 au zaidi. Miguu inagusa kitambaa. Kichwa nacho, kikiwa juu ya mto, kiko katika hali hiyo hiyo.

Kipimo cha kutazama, basi, ni nafasi iliyopo juu ya miguu. Wengi hudhani dawa ni hema lenye kilele kirefu zaidi. Ongeza kilele kutoka 145 hadi 165 na urefu wa chini ubaki ule ule: juu ya vidole unapata sentimita 4 au 5 tu. Lakini ongeza urefu wa chini kutoka 275 hadi 300 na kilele kibaki 145: unapata kama 9. Chukua UltaMid 2 ya Hyperlite Mountain Gear, hema la watu wawili linalosifiwa sana, lenye takriban 272 kwa 210 chini na kilele cha 163. Kwa mtu wetu huyu linatoa kama 37 juu ya vidole. Linatosha kwa shida, na kilele hicho kinadai fimbo mbili za kutembelea zifungwe pamoja, kwa kuwa fimbo nyingi huishia kati ya 130 na 140.

Kuna wanaoshauri ulale kwa mshazari, kona kwa kona. Kwenye karatasi mshazari wa hema la 275 kwa 170 unafika 323, na unavutia. Tatizo ni kwamba nguzo ya katikati imesimama palepale unapotaka kulaza mgongo. Isitoshe, konani kuta mbili zinakutana, na miguu ina upana: ukiweka wayo mmoja kila upande wa mstari wa kona, mmoja utakutana na ukuta mapema kuliko ungelala sambamba na urefu wa hema. Mshazari unafaa pale tu mtu anapounganisha fimbo zake mbili juu, zikaachana miguu kama herufi V iliyogeuzwa, nafasi ya kati ikawa wazi, na hema likakaribia kuwa mraba.

Hata hivyo sababu za kupenda piramidi ni za kweli, na zinamhusu mtu mrefu kuliko wengine. Kila kitu chake ni kizito zaidi: suruali ndefu, koti pana, mfuko mrefu wa kulalia, godoro la 196 badala ya lile la kawaida la 183. Hema ndipo mahali pekee anapoweza kurudisha uzito huo. Piramidi ya watu wawili bila sakafu mara nyingi huwa kati ya gramu 500 na 900, kwani nguzo ni fimbo anayotembea nayo tayari, ilhali hema la kuta mbili lenye nguzo zake hupita kilo moja na nusu kwa urahisi. Kwenye Kilimanjaro, ambako wapagazi ndio wanaobeba mahema, hoja hii haina nguvu. Kwa anayebeba shanta lake mwenyewe kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, ina nguvu sana.

Umbo lenyewe pia linasaidia. Upepo ukigeuka usiku, kama unavyofanya kwenye mabonde ya juu, piramidi haina ubavu mpana wa kusukumwa. Mvua ikikukuta njiani, unapiga vigingi vinne, unasimamisha fimbo, na vitu vyote viko kwenye kivuli kikavu kabla hujatandika chochote. Watafiti wa Kiingereza kule Antaktika wamelala katika mahema ya umbo hili kwa miongo mingi, yao yakiwa mazito na yenye nguzo nne.

Hoja ngumu zaidi dhidi yake ni maji. Ukuta ni mmoja. Pumzi ya mtu ikikutana na kitambaa baridi hugeuka matone, na kwenye kambi za mita 4,200 kama Shipton's ya Mlima Kenya matone hayo yanaweza kuganda kabla ya alfajiri. Mtu wa kimo cha wastani analala mbali na ukuta na halimdhuru sana. Mrefu anaufuta kwa miguu yake usiku kucha, na manyoya ya bata ndani ya mfuko yakilowa hayashiki tena joto. Mimi naona hili ni suala la usalama kwenye baridi ya kule. Koti la mvua lililofungwa zipu na kuvishwa kwenye ncha ya mfuko linasaidia, na ningemshauri kila mrefu afanye hivyo bila kungoja kulowa.

Hapa ndipo kitambaa kinapogeuka kuwa suala la urefu. Nailoni yenye silikoni hulegea inaponyonya maji, ukuta unashuka sentimita kadhaa, na hizo ndizo zilizokuwa akiba yako yote. Poliesta hulegea kidogo sana. Dyneema, kitambaa chepesi cha nyuzi za plastiki imara, hainyonyi maji kabisa, ila bei yake ni mara kadhaa. Kwa mtu wa kawaida nailoni ni chaguo zuri, ina nguvu na ni nafuu. Kwa aliyezidi 190 ningechagua poliesta bila kusita.

Piramidi isiyo na sakafu ina shida nyingine za huku kwetu. Kwenye ukanda wa msitu siafu hawabishi hodi, na juu zaidi panya na pimbi huingia kutafuta chakula. Chandarua cha ndani kinatatua hilo lakini kinakula sentimita tena, kwa sababu nacho kina kuta za mteremko. Kisha kuna eneo: kati ya mafungu ya nyasi ngumu ya nyika ya juu, kupata kiwanja tambarare cha mita tatu kwa mbili ni kazi.

Njia ya kati ipo. X-Mid, aina ya hema iliyobuniwa na Mkanada Dan Durston na kutoka mwaka 2018, hutumia fimbo mbili zilizowekwa kwa mshazari, mtu akilala katikati yake, hivyo kuta za kichwani na miguuni husimama wima zaidi. Kwa mvua ya kila siku na mfuko wa manyoya, naiona bora kwa mtu mrefu kuliko piramidi ya mtu mmoja ya aina yoyote ile. Piramidi ya watu wawili inaishinda pale upepo unapokuwa adui mkubwa kuliko mvua, na pale unapotaka nafasi ya kuketi wima na kupanga vitu vyako kandokando.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili nyumbani. Weka alama ya urefu wa chini wa hema sakafuni, simamisha ufito wenye kimo cha kilele katikati, funga uzi kutoka juu yake hadi kwenye alama ya mwisho. Tandika godoro lako kandokando ya ufito, vuta uzi mwingine sambamba na ule juu ya miguu yako, uingie kwenye mfuko ulale. Ukigusa uzi, hema hilo ni fupi kwako, hata lebo iseme nini.