Fundi alipwe vizuri, ila saidia fundi naye ana ujuzi

Watu wengi wanaojenga hapa Tanzania wana hoja moja, kwamba fundi ndo mwenye ujuzi, saidia fundi anauza nguvu tu, kwa hiyo fundi apewe hela ya maana na huyu mwingine achukuliwe yoyote atakayekubali bei ya chini. Nusu ya hiyo hoja naikubali kabisa. Fundi anayesimamisha kona kwa timazi, anavuta kamba na kozi za tofali zinapanda zimenyooka, anasoma ramani anakwambia nondo za bimu hii hazitoshi, huyo katengenezwa na miaka, na akikosea ukuta unabomolewa kwa hela yako. Ukimpunja unajipunja mwenyewe.

Ila nenda saiti siku ya zege uangalie. Tuseme vipimo ni moja mbili nne, ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto, na linachanganywa chini kwa koleo. Anayehesabu ndoo ni saidia fundi, anayemwaga maji ni yeye, fundi yuko juu anapokea karai na kushindilia. Zege zito linaumiza mgongo, sasa kijana kachoka tangu asubuhi anaongeza maji kidogo ili koleo lipite kirahisi, na hapo ndo zege linapokosa nguvu, hata kama fundi wako ana cheti cha VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Na kulimwagilia zege maji siku zinazofuata anaachiwa nani? Huyohuyo.

Mtu atasema vipimo vinafundishwa asubuhi moja tu, kona ni miaka. Kweli, ndo maana sisemi walipwe sawa. Kinachoniuma ni kijana kubeba karai miaka na miaka bila kushikishwa mwiko wa kujengea. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, jambo zuri sana, lakini huyu ambaye hajawahi kupanga tofali atapimwa nini?

Mafundi wengi wanawanyima mwiko makusudi, na mimi siwalaumu sana manake fundi naye anaishi kwa kazi ya leo, akimfundisha kijana mwakani anakutana naye anamshushia bei kwa tajiri yuleyule. Kwa hiyo mwenye nyumba ndo wa kulianzisha hili: wakati wa kupatana bei sema kabisa ukuta wa stoo ajenge saidia fundi, fundi amsimamie, na hiyo siku anayopoteza kufundisha umlipe.