Nilikuwa napima uzi tu jamani

Mi nafuma taratibu sana, nikisema taratibu namaanisha sweta la mtoto wa miaka 4 linanichukua miezi mitano, ndo maana la msimu wa baridi huwa naanza joto likiwa limepamba moto, wenzangu wanajipepea na kadibodi mi nimepakata sufu natiririka jasho kama nimenyeshewa. Mume wangu alishazoea. Mama mkwe, aliyekuwa kaja kutusalimia, alikuwa bado.

Siku hiyo nikasubiri watu wamejilaza mchana, nikaburuta lile begi chini ya kitanda. Mume wangu analiita kaburi kwa sababu nyuzi zikishaingia hazitoki. Nikamwaga kila kitu sakafuni: pinki niliyonunua kwa ajili ya kichanga ambaye sasa hivi ana ndevu, ule uzi wa manyoya marefu unaopigisha chafya, mabaki yasiyotosha hata soksi ya mguu mmoja, na sindano namba 4 niliyoitafuta mwaka mzima nikawasingizia watu wameiba. Chini kabisa nikakuta mabonge saba ya kijani kilichokolea, laini, mazuri hayo! Nikayapima kwenye mizani ya jikoni, kila moja gramu 50, jumla 350, sweta la mtoto linatoka na uzi unabaki. Shida moja tu, lebo hakuna hata moja.

Sasa bila lebo utajuaje ni uzi gani? Na sweta la mtoto linafuliwa kila siku ya Mungu, sufu nayo ukiitia maji ya moto ukaisugua inasinyaa na kushikana inakuwa nene kama zulia, mi mwenyewe mwaka juzi nilitoa kwenye mashine sweta langu likiwa saizi ya mwanasesere, na mwanasesere lilimbana kwapani. Kwa hiyo lazima nijue hii ni sufu au akriliki, yaani uzi wa plastiki, na wafumaji tunajua dawa yake, unakata kipande unakichoma. Akriliki inayeyuka inaacha kidonge cheusi kigumu, pamba inaungua kama karatasi, sufu inaungua kwa kusitasita, ukiondoa moto inazimika yenyewe, na inanuka nywele zilizoungua. Hilo la mwisho lishikeni.

Nikajipanga kisomi kabisa, bakuli la maji, kibanio cha nyusi, kiberiti. Feni ilikuwa namba 3 kwa lile joto, kila nikiwasha njiti inazimika, nikaigeuza iangalie mlangoni. Mlangoni kuna korido na mwisho wa korido ndo chumba alicholala mama.

Kipande cha kwanza, mmh, nywele. Nikachoma cha bonge la pili maana bonge moja huliamini, nywele tena. Kufika cha tano nimeinama kichwa kiko juu ya bakuli, nimejifunga kitambaa kichwani, moshi unapanda sikioni, nasikia tu "Mwanangu nywele! Nywele zinaungua!" na kabla sijasema mama ngoja, ndoo nzima ikanishukia. Na yangekuwa maji matupu nisingelalamika, ilikuwa ile ndoo ambayo mume wangu kaloweka soksi zake tangu asubuhi. Moja ikabaki begani kwangu imetulia kama nyota ya mwanajeshi.

Mama akanivua kitambaa, anapekua kichwa anatafuta palipoungua.

"Mama, nilikuwa napima uzi."

"Uzi gani unapimwa kwa moto?"

"Wa sweta."

Akaangalia feni, akaniangalia mi na jasho langu lililochanganyika na povu. "Sweta? Na joto hili?"

Ukiwa na soksi begani huna hoja. Mume wangu naye akafika, wa mwisho kama kawaida, cha kwanza kuuliza ni nani kamwaga soksi zake.

Mabonge yote yalilowa chapachapa, ikabidi tuyakunjue moja moja tuyaanike kwenye kamba, na huko ndo mama, ambaye hajawahi kushika sindano ya kufumia maisha yake yote, akasema mbona hizi nne na hizi tatu rangi haziendani? Nikakaza macho. Kweli bwana, bechi mbili tofauti, yaani hazikutiwa rangi pamoja kiwandani, ndani chini ya taa zilikuwa mapacha kabisa. Akaniambia si ufume mikono kwa hizo tatu. Wazo zuri mpaka likaniuma. Ndo nafuma hivyo, na litafuliwa kwa mkono, maji baridi, na mimi mwenyewe.

Sasa mama karudi kwake na hadithi kasimulia yeye, na kwenye hadithi yake hakuna uzi hata kidogo. Juzi shangazi wa mume wangu kapiga simu, kanipa pole nyingi, halafu kwa sauti ya chini kabisa akaniuliza kama zimeanza kuota.