Wanachokiogopa ni hadhira

Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja nyumbani uso umemshuka. Yuko kidato cha tatu, na muhula huu kikundi chao kinafanya mazoezi ya shairi la tamasha za shule. "Shangazi, tumeambiwa ubeti wa tatu utoke." Kwa nini? "Eti utatuletea maneno." Nikamwambia aughani pale pale sebuleni. Unaanza hivi:

Foleni ya alfajiri, dirisha halifunguki,
Daktari kasafiri, na dawa haipatiki.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani wiki nzima na sijaliona tusi. Hakuna chama wala jina la mtu. Wameyaandika watoto waliowahi kusimama kwenye hiyo foleni wakiwa wameshika leso za mama zao. Mwalimu aliyeufuta ubeti simchukii. Ana kazi ya kulinda, na bila shaka aliyaona ya Nakuru kama sisi sote.

Mimi ya Nakuru sijayasahau. Tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa shule ya upili ya Butere waliletwa asubuhi na mapema kwenye ukumbi wa tamasha za kitaifa za maigizo. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwakataza waziwazi. Jukwaa walipewa. Cleophas Malala, aliyewaandikia mchezo, alikuwa amekamatwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na watu waliokuja kuutazama walitawanywa kwa vitoa machozi. Wasichana wakauliza wamwigizie nani. Wakaimba wimbo wa taifa, wakarudi kwenye basi lao. Nililia nilipoiona ile video, na sioni haya kusema.

Tangu hapo kila mtu amezungumza juu ya maneno ya mchezo ule: yalifaa, hayakufaa, yaliwazidi watoto umri. Mimi naona tunatazama pasipo. Maneno yaliachwa. Kilichoondolewa ni watazamaji. Serikali inaweza kuvumilia sentensi kali ikisemwa mbele ya viti vitupu. Isichokivumilia ni watu mia tano kuketi pamoja, kucheka mahali pamoja, kunyamaza mahali pamoja, kisha kugeuka na kutazamana. Mtu anayeteseka peke yake hudhani ana bahati mbaya. Akisikia ukumbi mzima ukiguna pale alipotaka kuguna yeye, hujua kwamba jambo hili lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuulizwa.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alilijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1977 ulikuwa na mambo mawili ambayo nadhani yangepaswa kufundishwa kwa pamoja. Mwezi Julai alitoa riwaya ya Kiingereza iliyowachambua matajiri wapya wa Kenya bila huruma, na aliyeizindua jijini Nairobi ni Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa wakati huo. Mwezi Oktoba, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakafungua mchezo kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Hasira ilikuwa ile ile, na matajiri ni wale wale. Lakini mchezo ulikuwa wa Kikuyu. Waliouigiza walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Jukwaa walilijenga wenyewe, hadharani. Mazoezi nayo yalifanywa hadharani, na mwanakijiji akipita na kusikia jambo limesemwa vibaya alisimama akalisahihisha. Kufikia siku ya kwanza, ule mchezo ulikuwa mali yao.

Mwezi Novemba ukapigwa marufuku. Siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini, gereza la Kamiti, bila kushtakiwa, na alikaa huko karibu mwaka mzima. Riwaya iliendelea kuuzwa. Mwaka 1982 walipojaribu tena na mchezo mwingine, polisi walitumwa kuubomoa ukumbi wenyewe. Ukumbi wa miti na mianzi! Ukitaka kujua dola inaogopa nini, tazama inabomoa nini.

Najua kuna waliofungwa kwa karatasi tu. Mshairi Abdilatif Abdalla alitumikia miaka 3 kwa waraka alioutoa mwaka 1968 kuuliza Kenya inaelekea wapi. Lakini waraka ule uliandikwa kwa Kiswahili, ukapita mkono kwa mkono. Nao ulikuwa na hadhira yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Malala ni mwanasiasa na huenda ana hesabu zake. Nakubali pia kwamba sanaa nyingi inayojiita ya ukombozi ni hotuba iliyovalishwa lebasi, na inachosha. Hayo yajadiliwe baada ya pazia kushuka, na watu waliotazama. Na wanaosema msanii abaki na sanaa yake siasa awaachie wenyewe, naomba wanionyeshe foleni ya dawa iko upande gani wa huo mpaka.

Ngũgĩ alifariki mwezi Mei 2025, wiki chache tu baada ya Nakuru. Sijui kama aliiona video ile. Natamani awe aliiona.

Turudi kwa mtoto wetu. Wataenda kwenye tamasha bila ubeti wa tatu. Hilo limeshaamuliwa na sitaki nimwingize matatani kwa ajili ya hasira zangu. Lakini Jumapili ile, alipomaliza kuughani, mamangu alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Ana sukari na presha, na hilo dirisha analijua kuliko sisi sote. Majirani wawili waliokuwa wakimsaidia kumenya viazi nao wakaja nyuma yake. Hakuna aliyepiga makofi.

"Rudia hapo pa dirisha," mamangu akasema, akavuta kiti.