Iodini Inayopotelea Kwenye Beseni la Kadutu

Jumbe za afya kuhusu chumvi hufika Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa sura mbili zinazoonekana kugombana. Anayepima tansio, yaani shinikizo la damu, huwaambia wazee wapunguze chumvi, na anayewafuatilia wajawazito huwasisitizia kwamba chumvi yenye iodini, au madini joto, isikose katika chakula chao. Mama wa nyumbani anayesikia yote mawili katika wiki moja ana haki ya kuuliza ni nani mkweli. Mimi naona wote wawili wanasema kweli, ila wanamwelekezea lawama mtu asiyestahili, kwa sababu hasara kubwa hutokea kabla chumvi haijaingia jikoni kwake.

Chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu. Sodiamu peke yake ni metali laini inayolipuka ikitumbukizwa majini, na klorini ni gesi yenye sumu; lakini atomu ya sodiamu ikishaiachia ya klorini elektroni moja, hupatikana chembe zenye umbo la mchemraba, tulivu kiasi kwamba zinahitaji joto la nyuzi 801 za Selsiasi ili ziyeyuke bila maji. Chumvi haiozi wala haivundi. Utulivu huo ndio unaotudanganya, kwani tunadhani kila kilichochanganywa nayo kinadumu kama yenyewe. Iodini inayoongezwa kiwandani kwa kawaida huwa katika umbo la iodeti ya potasiamu, na kiasi chake ni kidogo mno: miligramu 50 hivi za iodeti hutosha kuipa kilo moja ya chumvi miligramu 30 za iodini. Iodeti huchaguliwa badala ya iodidi, umbo jingine la iodini, kwa sababu inastahimili zaidi joto na unyevu wa nchi kama zetu, lakini ustahimilivu huo una mwisho.

Mwenye shaka na apite soko la Kadutu, hapa mjini, msimu wa mvua. Chumvi hufika katika magunia ya plastiki yaliyofumwa, ambayo hupitisha unyevu. Gunia hufunguliwa, mdomo wake hukunjwa, na sehemu ya chumvi humiminwa kwenye beseni ambamo mama muuzaji huipima kwa kikombe, akisawazisha juu kwa kiganja. Chumvi safi hainyonyi maji ya hewani mpaka unyevu wa hewa ukaribie asilimia 75, lakini chumvi isiyosafishwa vizuri huwa na kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya mapema zaidi. Baada ya siku kadhaa za mvua, ukiinama utaona maji ya chumvi yakichuruzika chini ya gunia na kuacha utando mweupe kwenye ubao. Iodeti huyeyuka katika maji hayo na kushuka nayo, na nyingine huishia kwenye ubao. Jua likitoka, muuzaji huianika chumvi iliyolowa ili ipate kupimika tena, naye hana namna nyingine, kwa maana mteja hanunui tope. Kwa hiyo yule anayenunua kikombe kimoja wiki ya tatu baada ya gunia kufunguliwa anaweza kupata chumvi nyeupe, kavu na kali ulimini, ambayo kazi iliyotarajiwa kwake haiwezi kuifanya.

Kwa mtu wa pwani anayekula samaki wa bahari mara kwa mara, hasara hiyo inaweza kufidiwa. Sisi sambaza wetu ni samaki wa maji baridi, na tunaishi kwenye milima ambayo mvua imekuwa ikiosha udongo wake kwa maelfu ya miaka na kuondoka na iodini. Maharagwe na viazi vyetu vinaweza kunawiri na bado vikawa na upungufu wa iodini. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ambacho kila anayepanda boti kwenda Goma hukipita, kilipata nafasi katika maandishi ya tiba duniani kwa jambo hili hili. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji, akiwemo François Delange, walikuta rovu, yaani uvimbe wa shingo, kwa wingi kaskazini mwa kisiwa na kwa uchache kusini-magharibi, ingawa pande zote mbili zilikosa iodini karibu sawa. Tofauti hiyo iliwaelekeza kwenye muhogo. Muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kuanikwa ipasavyo hubaki na kemikali iitwayo linamarini, nayo hutoa sumu ya sianidi. Mwili hujikinga kwa kuigeuza sianidi kuwa thayosianeti, na thayosianeti hushindana na iodini kwenye mlango wa tezi ya shingo. Mahali penye iodini ya kutosha mwili humudu mashindano hayo. Mahali ambapo iodini ni haba, shingo huvimba, na uvimbe huo ndio sehemu inayoonekana tu ya madhara. Mtoto wa mama aliyekosa iodini sana wakati wa ujauzito anaweza kuzaliwa kiziwi au akiwa na akili iliyodumaa, na hakuna dawa itakayorudisha kilichopotea. Katika mji ambao bugali la muhogo huliwa kila siku, kuipoteza iodini barabarani ni jambo zito kuliko lingekuwa mahali pengine.

Sasa turudi kwa yule anayepima tansio. Sodiamu ikizidi katika damu huvuta maji, ujazo wa damu huongezeka, na mishipa hubeba shinikizo ambalo baada ya miaka huharibu moyo, figo na ubongo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na linakadiria kwamba wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Lakini hebu tupige hesabu: chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo humpa anayekula gramu 5 mikrogramu 150 za iodini, na hicho ndicho kiasi anachohitaji mtu mzima kwa siku. Ugomvi niliouanza nao unaishia hapo. Hata mjamzito, anayehitaji mikrogramu 250, hatibiwi kwa kuongezewa chumvi. Anatibiwa kwa kupewa chumvi ambayo iodini yake haijapotea, na palipo na upungufu mkubwa, kwa nyongeza anayopewa na kituo cha afya. Na kwa wanaotafuta pa kupunguzia, wasianzie kwenye kikombe cha Kadutu. Waanzie kwenye vile vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wake ni chumvi, na kwenye makayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, yanayopikwa bila kulowekwa usiku kucha.

Kuna wanaopendekeza chumvi yote iuzwe katika vifuko vidogo vilivyofungwa, na kwa iodini peke yake wana haki. Siungi mkono. Anayevuka mto Ruzizi anajua takataka za plastiki zinazoelea kutoka mjini hadi kwenye bwawa la Ruzizi I na kuzuia mitambo ya umeme, na vifuko vya chumvi vya gramu mia moja mia moja vingezidisha mzigo huo kila siku ya soko. Pia vingepandisha bei kwa yule yule anayenunua kidogo kwa kukosa fedha. Ndoo yenye kifuniko kinachobana, ikiwekwa kivulini juu ya mbao mbili, ingezuia sehemu kubwa ya hasara bila kuzalisha taka mpya. Wapo pia wanaosifu chumvi ya bahari isiyotiwa kitu, eti asili inatosha. Iodini ya bahari karibu yote hupotea maji yanapokaushwa, kwa hiyo sifa hiyo haina msingi. Chumvi ya majivu ya zamani, yenye potasiamu nyingi, ina utamu wake kwenye maharagwe, ila haina cha kuchangia katika suala hili, na mgonjwa wa figo aikwepe.

Ushauri wa kutia chumvi sombe, yaani kisamvu, inapokaribia kuiva, badala ya kuichemsha nayo kwa saa nzima, ni mzuri na haugharimu kitu. Hata hivyo hauwezi kuokoa iodini iliyokwisha kutoroka sokoni, na ndiyo sababu nataka kipimo kifanyike huko. Kipimo chenyewe ni kichupa cha maji ya wanga yaliyotiwa iodidi ya potasiamu na asidi kidogo: tone moja likiangukia chumvi yenye iodeti, chumvi hugeuka rangi ya buluu au zambarau papo hapo; isipobadilika rangi, jibu limepatikana. Hakihitaji maabara wala umeme. Wakusanyaji wa kodi ya soko hupita kwenye kila meza wakiwa na daftari lao la risiti. Wapewe na kichupa hicho, watone tone moja wakati muuzaji anahesabu faranga zake, na pale chumvi isipogeuka rangi waandike jina la mwingizaji lililo kwenye gunia, maana yeye ndiye wa kuulizwa kwanza, na mama muuzaji apewe ndoo.