Wakili Aliyemshinda Charity Butler

Thaddeus Stevens anasifiwa kwa miaka yake ya mwisho, alipokuwa mzee mwenye ulimi mkali akipigania haki za watu weusi katika Bunge la Marekani. Kabla ya hapo alikuwa wakili katika mji mdogo wa Gettysburg, kisha mbunge wa jimbo la Pennsylvania. Kesi inayowakosesha raha wanaomsifu ni ya miaka hiyo ya mwanzo.

Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilikusudia kuumaliza utumwa polepole. Mgeni kutoka jimbo jingine aliruhusiwa kukaa na mtumwa wake hadi miezi sita. Ikizidi, mtumwa anakuwa huru. Charity Butler, mtumwa kutoka Maryland, alikuwa akiletwa Pennsylvania mara kwa mara na kurudishwa. Ukizijumlisha siku zote, miezi sita ilikuwa imepita. Akadai uhuru. Stevens alisimama upande wa aliyedai kummiliki, akasema miezi sita ya sheria ni ya mfululizo, si ya kuunganishwa vipande vipande. Mwaka 1821 mahakama ya juu ya jimbo ikakubaliana naye. Tangu hapo mwenye mtumwa aliyejua kuhesabu kalenda hakuwa na la kuogopa.

Wanaomtetea husema wakili halaumiwi kwa mteja wake. Ni hoja nzito: mtu anayechukiwa asipopata wa kumsemea, mahakama inabaki jina tu. Isitoshe, Stevens alikuwa hajatimiza miaka 30 na alikuwa akijitafutia jina. Mimi hoja hiyo hainitoshi. Kumtetea mshtakiwa asinyongwe ni jambo moja, kumsaidia mtu amshike mwanamke aliyekuja mahakamani kuomba uhuru ni jingine. Katika kesi ile mnyonge alikuwa upande wa pili.

Utetezi wenye nguvu zaidi ni maisha yake ya baadaye. Mwaka 1835 wabunge walitaka kufuta sheria ya shule za bure iliyopitishwa mwaka mmoja tu nyuma, na wapiga kura wengi wa wilaya yake mwenyewe waliichukia kodi ya shule hizo. Stevens alisimama Aprili 11 akaitetea, na sheria ikapona. Miaka michache baadaye jimbo liliandika katiba mpya iliyowapa wazungu peke yao haki ya kupiga kura. Alikuwa mjumbe wa mkutano ulioiandika, na alikataa kutia saini. Alipohamia mji wa Lancaster akawatetea watumwa watoro, na mwaka 1851 alikuwa miongoni mwa mawakili wa Castner Hanway, aliyeshtakiwa kwa uhaini baada ya mwenye watumwa kuuawa katika kijiji cha Christiana, Pennsylvania, alipokuja kuwakamata watoro wake. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia haraka.

Hakuwa malaika hata hivyo. Alisukuma reli ya fedha za umma iliyopangwa kupita karibu na kiwanda chake cha chuma, nayo watu wakaipachika jina la mnyoo, tegu, kwa jinsi ilivyojipinda. Mwaka 1838, katika ugomvi wa viti vya bunge, aliruka dirishani Harrisburg, makao makuu ya jimbo, kukimbia umati. Alikuwa mtu wa kutafuta ushindi kwanza, na nadhani hilo linaieleza kesi ya Butler kuliko nadharia yoyote ya maadili ya uwakili. Kilichobadilika ni alichokuwa akikipigania, na kubadilika huko sikuchukulii kuwa kitu kidogo.

Ila nikipewa nafasi ya kumuuliza swali moja, nisingeuliza juu ya ada aliyolipwa 1821. Ningeuliza juu ya ile ruhusa ya miezi sita, ambayo yeye aliijua kuliko mbunge yeyote. Aliingia bunge la jimbo 1833 akaikuta, akatoka akaiacha. Pennsylvania iliifuta mwaka 1847.