Fundi wa Kanzu Nyeupe

Harusi ya binamu yangu ilifanyika Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na jasho likishindana na udi. Stima ilipokatika saa mbili za usiku hatukushtuka, kwa kuwa tulikuwa tumekodi jenereta ya dizeli, ile iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati, nayo ilikuwa uchochoroni nyuma ya jiko. Iliunguruma vizuri kwa dakika 20, kisha ikajizima yenyewe, na spika za taarab zikanyamaza katikati ya ubeti.

Mimi, kwa kosa la kumiliki spana saba, nikasukumwa mbele.

"Mwanangu, kabla hujaanza, hujaiona leso yangu?" akauliza shangazi, aliyekuwa amejifunga kipande kimoja cha doti na kukikosa cha pili. Nilimjibu kwa adabu kwamba nilikuwa kazini.

Mshale wa kipimo cha joto ulikuwa umepita 100. Najua vyema kwamba mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ingali moto, maana maji yaliyobanwa humo hufoka pindi mbano unapolegea. Nilizungusha robo tu, nisikilize. Maji ya rangi ya kutu yaliruka kwa kishindo. Mikono ilisalimika, ila kanzu yangu nyeupe ilitapakaa kutoka kifuani hadi magotini.

Injini ilipopoa, nilipima oili, nikabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, nikaifungua hata themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji, na kuitumbukiza katika sufuria ya wapishi iliyokuwa ikitokota. Ilifunguka kama inavyopaswa, na mpishi akanifukuza jikoni. Mzee mmoja pale barazani, bila kutua kikombe chake cha kahawa, alishauri tujazie maji ya kisima. Nilikataa, na hiyo ndiyo busara yangu pekee ya usiku ule, kwani visima vya kisiwani vina chumvichumvi, nayo chumvi huila rejeta na kuziba mirija yake. Nikamimina maji ya chupa ya wageni.

Tukawasha. Dakika 20, kimya.

"Na leso je?" akauliza shangazi.

Safari ya tatu nilijipenyeza baina ya sanduku na ukuta kabla ya kijana kuwasha. Nguo fulani ilikuwa imening'inia pale kwa utulivu, nami nilikuwa nimeipita mara mbili bila kuijali. Injini iliponguruma, feni ilivuta hewa, nguo ikanyanyuka na kujibandika kwenye matundu ya kuingizia hewa, ikatanda kama chapati juu ya chuma, hata maandishi yake yakasomeka kwa mwanga wa simu: HASIDI HANA SABABU. Nami sababu ndiyo niliyokuwa nikiitafuta tangu saa mbili!

Kumbe binti mmoja alikuwa ameifua doa la mchuzi, akaianika palipo na upepo.

Nikaibandua, na jenereta ikakesha. Shangazi aliipapasa leso yake, akasifu ilivyokauka, kisha akaikagua kanzu yangu.

"Na hiyo nayo, mwanangu, tukuanikie pale pale?"